Tarehe Thelathini Februari

Mama yake mdogo ndiye aliyemlea, na ndiye aliyembandika jina la Mahesabu tangu alipokuwa binti wa darasa la tatu. Mahesabu alipopewa kazi ya kuandika programu ya kliniki ya moyo, mama mdogo aliwatangazia majirani wote. Yeye mwenyewe alikuwa akitibiwa hapo hapo. Kila baada ya siku thelathini alipimwa damu na kupewa dawa nyingine.

Programu yenyewe haikuwa na makuu. Muuguzi aliingiza tarehe ya leo, programu ikajumlisha siku thelathini, na siku hiyo ikifika mgonjwa alipata ujumbe kwenye simu kwamba aje. Mahesabu aliijaribu kwa tarehe kumi, kumi na tano, ishirini. Majibu yakatoka sawasawa, akaikabidhi.

Januari tarehe thelathini na moja mama mdogo alikwenda kliniki, akarudi nyumbani kungoja ujumbe. Februari ikaisha. Machi ikaingia, dawa zikamwishia, miguu ikaanza kuvimba. Mumewe, baba mdogo, alimsihi waende tu, naye akashikilia kwamba siku yake haijafika na hataki kuwasumbua watu. Katikati ya mwezi alianguka jikoni, sufuria mkononi. Hakufika hospitali.

Siku ya tatu baada ya mazishi Mahesabu alirudi kazini, akafungua orodha ya wagonjwa, akalitafuta jina la mama mdogo. Mbele yake paliandikwa siku ya kurudi: 30 Februari.

Alitazama mpaka macho yakamuuma. Programu yake ilikuwa imejumlisha thelathini na moja na thelathini, ikapata sitini na moja, ikatoa siku za Januari, ikabakiwa na thelathini, ikaridhika. Haikuuliza kama Februari inazo siku hizo. Ujumbe ulikaa ukingoja siku isiyokuwepo.

Walikuwepo wagonjwa wengine sita wa namna hiyo. Aliwapigia simu mmoja mmoja kabla hajagusa mstari hata mmoja wa programu. Wote walikuwa hai. Mzee mmoja alimshukuru kwa kumkumbuka, akamwombea heri, na hapo ndipo alipolia. Kisha akarekebisha kosa, akamweleza daktari kila kitu, na jioni akaenda kwa baba mdogo.

Alimkuta sebuleni peke yake. Akamwambia yote bila kuzunguka. Baba mdogo alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Nilimwambia twende," alisema hatimaye. "Akanijibu, ujumbe anaupanga mwanangu, na mwanangu hakosei hesabu."

Mahesabu alipiga magoti. "Nisamehe, baba."

"Nitakusamehe. Lakini si leo, mwanangu. Leo nenda."

Akaenda. Ilipita miezi minne kabla baba mdogo hajampigia simu, na alipopiga aliuliza tu kama amekula.