Tuna Jambo

Jumatatu asubuhi, alipomaliza kahawa yake, Yorladis Mosquera aliweka kompaila mpya kwenye kompyuta ya mgodi wa Quebrada Parda. Kazi ya kompaila ni kugeuza maandishi ya binadamu yawe amri za mashine, na haiaminiwi mpaka ijaribiwe. Akaandika programu fupi ya kutoa salamu: *Hamjambo*. Akaigeuza, akaiendesha. Neno likatokea kwenye skrini, sawasawa.

"Tuna jambo," mtu akaitikia mlangoni.

Alikuwa shangazi yake, Delfina, aliyefukiwa mwaka juzi bwawa la matope ya mgodi lilipopasuka. Matope yalikuwa yangali nyweleni. Yorladis akamvutia kiti, kisha akarudia jaribio, maana jaribio moja si jaribio. Safari hii wakaingia majirani wa mtaa wa chini ya bwawa, waliofukiwa siku ileile, wakakaa kwenye mabenchi ya ukumbini.

"Shangazi, kwa nini king'ora hakikulia siku ile?"

"Si unacho hapo, mwanangu? Kisome."

Akaifungua programu ya king'ora. Bwawa likijaa kupita kiasi, programu haikupiga king'ora. Iliomba kwanza ruhusa ya meneja. Yorladis akaufuta mstari wa kuomba ruhusa, akaipitisha programu kwenye kompaila, akaijaribu. King'ora kikalia chenyewe, mbwa wa mtaa wa chini wakabweka.

Mhandisi Urrutia, meneja, akaja mbio, akiruka miguu ya marehemu.

"Nani kakutuma? Kikilia ovyo watu watakimbia, mgodi utasimama!"

"Watu walikufa, Injinia."

"Nawaona, mimi si kipofu. Na haya matope nani atayadeki? Rudisha mstari, au nenda kwenu ukauze mikate ya arepa."

Mama yake Yorladis alikuwa mgonjwa, na dawa zake zilitoka kwenye zahanati ya mgodi. Yorladis akarudisha mstari. Hakumtazama shangazi yake.

"Haya, hiyo kompaila inafanya kazi?" Urrutia akauliza.

"Haina kosa hata moja."

Alhamisi mvua kubwa ikanyesha milimani. Alasiri bwawa likajaa, skrini ikaomba ruhusa ya meneja. Urrutia alikuwa amekwenda kula. Simu yake iliita, ikaita, ikakatika. Tangu Jumatatu alikuwa ameifunga programu kwa neno la siri analolijua yeye peke yake. Yorladis akatoka barazani akapiga kelele, lakini mtaa wa chini uko mbali, na mvua ilimshinda sauti.

Ukumbini, Delfina akawagusa wenzake magoti. Wakasogeleana kwenye mabenchi, wakaacha nafasi ya majirani wengine.