Mwamuzi wa Kituo cha Pili

Tetsuro alifariki Jumapili asubuhi, mwezi wa tatu, akifunga kamba za viatu mlangoni. Alikuwa akiwahi uwanjani kuamua mechi ya besiboli ya watoto. Aliinama, hakuinuka. Mkewe Chizuru alikuwa jikoni akifinyanga matonge ya wali, na kwa muda hakushtuka, maana mumewe alikuwa mtu wa kufunga kamba polepole kama anayefunga zawadi.

Baada ya mazishi, wazazi wa timu walikuja nyumbani kufukiza ubani mbele ya picha yake. Walikunywa chai, wakasimulia vichekesho vyake. Ila kulikuwa na neno lililowakaa kooni wote. Katika ligi yao, kila timu huleta waamuzi kutoka miongoni mwa wazazi wake, na timu isiyoleta haichezi. Akina baba walikuwa wachache, na baadhi yao Jumapili huwa zamu kiwandani. Nani angesimama mahali pa Tetsuro, kwenye kituo cha pili, kimoja cha vile vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka?

"Nitasimama mimi," Chizuru alisema, akikusanya vikombe.

Mama Rintaro, mwenzake wa miaka yote wa kugawa chai ya shayiri nyuma ya wavu, alimtazama kwa huruma. "Mama Sosuke, wewe mpira ukija unafumba macho."

"Basi nitajifunza kuyafumbua."

Akaenda kwenye mafunzo ya waamuzi msimu mzima wa mvua. Alijifunza kuinua ngumi kwa mchezaji aliyetoka, yaani mpira umemuwahi kabla hajafika kituoni, na kutandaza mikono kwa aliyefika salama. Alijifunza kusimama pembeni mwa njia ya mkimbiaji, na kutazama kituo, si uso wa mtu.

Mwanawe Sosuke, wa darasa la sita, hakusema lolote hadi jioni ya kuamkia mechi kubwa, ile ambayo mshindi wake angekwenda mashindano ya mkoa.

"Mama, nikitoka kweli, utasema?"

"Unataka niseme?"

Mtoto alizungusha vijiti vyake vya kulia ndani ya bakuli la supu. "Baba alikuwa anasema."

Siku hiyo jua lilikuwa kali kwenye uwanja wa kando ya mto. Miaka yote Chizuru alikuwa amemwona mwanawe kwa mbali, namba mgongoni na kofia juu yake. Sasa alisimama ndani ya mchezo wenyewe, na hakuwa amejua kuwa mpira ule mdogo una sauti. Ulipita ukivuma kama nyuki aliyekasirishwa. Watoto wakikimbia, aliisikia ardhi ikidunda chini ya viatu vyake.

Kisha mpigaji wa timu pinzani akaupiga mpira chinichini, ukateleza kati ya vituo. Sosuke alijirusha, akalala kifudifudi hewani, akaudaka, na kabla hata hajasimama, akiwa bado amepiga magoti, akautupa kituo cha kwanza. Ukafika umenyooka kama uzi. Chizuru alibaki mdomo wazi. Huyu ndiye yule anayesahau soksi bafuni? Mikono hii aliifundisha kushika kijiko, leo imejifunza wapi haya?

Hapo ndipo akafanya kosa. Mazoea yana nguvu: alipiga makofi.

Kocha wa wapinzani akaita kutoka kwenye benchi lake, "Samahani, mama mwamuzi, birika la chai umeliacha wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Rintaro akajifunika uso kwa taulo. Chizuru alivua kofia, akainamia upande huu, akainamia ule, masikio yakimwaka moto. Toka hapo alijua kwamba kila jicho lilikuwa likimngoja.

Ikaja zamu ya mwisho. Timu yao ilikuwa nyuma kwa pointi moja, wachezaji wao wawili wameshatoka, wa tatu akitoka mechi imekwisha, na Sosuke alikuwa kituo cha kwanza. Mrushaji alipoinua mguu tu, mtoto akachomoka. Alikimbia kuelekea kituo cha pili, kwa mama yake, kichwa chini, vumbi likimfuata, na Chizuru hakuwahi kuona kiumbe kikitaka kitu kwa mwili mzima namna ile. Mdakaji akautupa mpira. Sosuke akaruka mbele, mikono imetangulia.

Glovu ya mlinzi wa kituo, mpira ukiwa ndani yake, ilimgusa kabla mkono wake haujafika kituoni. Ilikuwa tofauti ya unywele, kisha vumbi likafunika kila kitu. Aliyeona alikuwa Chizuru peke yake.

Mikono yake ilitaka kutanda. Aliihisi ikitaka. Sosuke aliinua uso akamtazama, na usoni mwake hamkuwa na ombi lolote. Alikuwa akingoja tu, kama alivyozoea kumngoja baba yake.

Ngumi ikapanda. "Ametoka," alisema, na kwa kuwa sauti ilikuwa imezama, akasema tena ili wote wasikie.

Mechi ikawa imekwisha. Sosuke alisimama, akajikung'uta, akavua kofia, akamwinamia mwamuzi kwa heshima kama walivyofundishwa kumwinamia kila mwamuzi. Machozi yalimtoka baadaye, alipokuwa akitembea kuelekea kwenye mstari wa kuagana. Chizuru hakuweza kumfuata. Mwamuzi haondoki mahali pake mpaka timu zote mbili zimeinama. Akabaki amesimama, akimtazama mtoto aliyemzaa akilia huku ameunyoosha mgongo wake, na akahisi kama amefunguliwa mlango wa nyumba aliyodhani anaijua yote.

"Umetufungia safari ya mkoa, mwenzangu," Mama Rintaro alisema, akimpa chai. "Kunywa. Umekauka."

Ndani ya gari, hadi darajani, Sosuke alikuwa akikitazama kidole chake.

"Nilichelewa kuchomoka," alisema.

"Kidogo tu."

"Ilinigusa hapa." Akaonyesha kifundo cha kidole.

"Niliona."

Timu imetolewa. Jumapili ijayo wana mechi ya kirafiki na watoto wa ng'ambo ya mto, na Chizuru amepangiwa kituo cha tatu.