Bomba la Ndama

Kwa miaka tisa Hessel na mdogo wake Rintje walikula meza moja bila kusemezana. Chanzo ni farasi wa marehemu baba yao, ambaye Rintje alimuuza wakati Hessel yuko kanisani. Waliposhindwa kabisa kunyamaza, walimsemesha mbwa.

"Moppe, mwambie huyo kahawa yake ni maji ya kuoshea ndoo."

"Moppe, mwambie ajipikie."

Upuuzi mtupu, watu wazima wenye ng'ombe themanini. Hata mbwa alishawachoka.

Kisha Hessel akapata saratani. Hospitali wakamwekea mrija mwembamba: uliingilia mkono wa kulia juu ya kiwiko, ukapita ndani ya mshipa hadi karibu na moyo, na kipande chake kikabaki nje, kimeshikwa na plasta. Dawa zilipitia humo. Ule wa kwanza, wa mkono wa kushoto, ulishaganda damu ukatolewa. "Huu utunze," daktari alimwambia. "Ukiharibika, sina pengine pa kupitisha." Dozi nne zilikuwa bado.

Hessel aliuchukia mrija ule. Haogi mpaka mkono ufungwe mfuko, hakamui, hagusi nyasi, na jioni anamsikia Rintje zizini akipiga mluzi kama mtu aliyekwisha kurithi.

Kila Alhamisi nesi Baukje alikuja kuusafisha kwa maji ya chumvi. Alhamisi hii akapiga simu: gari limeharibika, atafika saa kumi na mbili jioni. Dozi ilikuwa kesho yake. Hessel akatazama mrija, akaona damu kidogo imetuama ndani, akahofia utaganda kama ule wa kushoto. Chupa za maji ya chumvi zilikuwepo, ila mabomba ya sindano huja nayo Baukje. Akaenda kabati la chumba cha maziwa, akachukua bomba la kuchomea ndama, jipya, dogo kuliko yote. Kila mfugaji anajua kwamba bomba dogo halimtesi mnyama.

Rintje alikuwa jikoni akinywa kahawa kabla ya kwenda kukamua.

"Moppe, mwambie amngoje nesi. La Baukje ni nene kama kidole gumba. Ana sababu yake."

Hessel alikaribia kuliweka chini, kweli alikaribia. Lakini ushauri kutoka kinywa kile? Heri afe.

"Moppe, mwambie mwizi wa farasi anyamaze."

Akavuta maji ya chumvi, akachomeka bomba kwenye ncha ya mrija, akasukuma. Maji yakagoma. Akakaza meno, akasukuma tena.

Sasa bomba dogo lina ubaya wake, ambao ndama hana mdomo wa kuusimulia: presha yake ni kali kuliko ya bomba nene. Mrija ukapasuka sentimita mbili tu kutoka kwenye ngozi, damu ikachirizika mezani.

"Mpumbavu wewe," Rintje akasema, na safari hii hakumwambia mbwa. Akaukunja mrija kati ya ufa na ngozi, akaubana kwa vidole viwili. "Tulia. Nina hamu ya kukuzaba kofi, basi tu mkono hauna nafasi."

Kwa mkono wa pili akaita ambulansi. Walisafiri dakika arobaini wakitukanana.

"Ulimuuza kwa mchinjaji."

"Alikuwa kilema. Ulijua, ukaniachia mimi nibebe laana."

Hessel akageuzia uso dirishani. Alijua.

Hospitalini nesi wa zamu akaumulika mrija, akasema ufa uko nje, watakata na kuunga ncha mpya, na kesho dozi itapita. "Huyu angeuachia njiani, tungeung'oa wote," akasema. Kisha akamwambia Rintje aachie. Vidole vilikataa, ikabidi nesi avikunjue kimoja baada ya kingine.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na nusu. Ng'ombe hukamuliwa saa kumi na moja, na kwa miaka thelathini Rintje hakuwahi kuwachelewesha hata siku moja. Sasa walikuwa wanalia, viwele vimewajaa.

Hessel akatazama chini, miguuni, kumtafuta mbwa. Hayupo. Ikabidi amtazame mtu mwenyewe.

"Ng'ombe wanakungoja," akasema.

"Wangoje," Rintje akajibu, akavuta kiti.