Blauzi Iliyobanwa Mara Tatu

Mtaa mzima haukuwa na fundi cherehani hodari wa kuficha siri kama yeye. Huamini? Muulize yeyote: siri zake zote wanazijua.

Ila hii moja aliishikilia kwa meno. Shingoni mwake mlikuwa na kijitezi ambacho kazi yake, alivyoeleza daktari, ni kuuambia mwili uende mwendo gani. Chake kilikuwa kimerukwa na akili. Kilimwaga homoni bila kipimo, na mwili ukakimbia kama cherehani ambayo fundi amesahau mguu kwenye pedali. Moyo dududu hata akiwa amekaa. Anakula sahani mbili, anakonda. Kivulini, jasho.

"Basi kiambie kipunguze," alimwambia daktari.

"Hakisikii, mama. Meza dawa, usubiri. Homoni zilizokwisha kumwagika bado zimo mwilini. Itachukua wiki kadhaa."

Wiki kadhaa! Na dukani kuna wifi yake, ambaye alikwisha kusema: "Siku mkono wako ukitetemeka, mkasi nauchukua mimi. Wewe utapiga pasi."

Miaka ishirini anakata vitambaa, leo apige pasi, tena na jasho lile!

Akameza dawa, akasubiri. Kijitezi hakikujali. Akikata sare, anaegemeza kiwiko mezani na kubana pumzi. Blauzi ikimpwaya, anangoja wifi atoke, anaibana ubavuni kwa sindano ya mkono. Mwisho wa uzi anafunga mafundo matatu, la mwisho ndani ya kitanzi, kama alivyofundishwa na mamake. Akaibana mara moja, mara mbili, mara tatu. Mkono unacheza, naye anautazama tu. Mkono wa mtu mzima utaufanyaje, uuchape?

Asubuhi moja wifi akamkazia macho. "Wewe, mbona umekwisha hivyo?"

"Nani? Sijapungua hata nusu inchi. Si unaona blauzi ilivyonikaa?"

Wifi akaguna, akashika pindo la blauzi, akaligeuza. Ndani mistari mitatu ya uzi, imepinda kama njia ya mbuzi.

"He! Na huyu mlevi aliyekushonea ni nani?"

"Fundi mmoja wa mtaa wa pili. Nilimwonea huruma tu, wifi yangu."

Wifi akaufuata uzi kwa ukucha, polepole, mpaka mwisho. Ukucha ukasimama hapo. Mafundo matatu, la mwisho ndani ya kitanzi.

"Huyo fundi wa mtaa wa pili," akauliza, huku mkono wa pili ukiufuata mkasi mezani, "naye alifundishwa na marehemu mama yako?"