Sikio la Beberu Mwekundu

"Mpime na huyu," Gombosuren alisema, akamrushia Dulmaa mfuko wa mizani kama anayemrushia mbwa mfupa.

Dulmaa alikitia kitoto cha mbuzi mfukoni. Kilo moja na nusu. Mwaka jana, wana wa mama yake, mbuzi aliyeitwa Usomweupe, walizaliwa na kilo mbili na nusu.

"Mama, umeona?" Gombosuren alimgeukia mama yake, Tsend, mwenye kauli ya mwisho juu ya mbuzi wa marehemu mwanawe, mume wa Dulmaa. "Huyu mjane anawakondesha majike. Nipe mimi kundi, kabla hajatubakizia ngozi tupu."

Alfajiri ile, aliponyunyizia mbingu maziwa ya sadaka, Dulmaa aliomba jambo moja tu: asinyang'anywe mbuzi. Katika jangwa lote la Gobi hakuwa na kingine.

"Majike wote wanakula nyasi zile zile, shemeji," alisema. "Mbona yule wa kijivu kazaa mtoto wa kilo tatu? Vidogo ni vya Usomweupe na binti zake tu."

"Wana nuksi, kama mfugaji wao."

"Labda. Au ni huyo beberu mwekundu uliyeniletea vuli."

"Nilikuletea kwa huruma, mwanamke usiye na shukrani!"

Dulmaa alimgeukia Tsend, akamwonyesha beberu aliyefungwa kando yao. "Mama, mshike sikio la kulia."

Tsend alipapasa. Kama alama, nyumba ya Gombosuren hukata mbuzi wao ncha ya sikio, kidogo tu. Nyumba ya Dulmaa huchanja pengo kama mkia wa mbayuwayu. Sikio hili lilikuwa limekatwa hadi katikati, na ukingoni kidole cha kikongwe kikaingia katika mwisho wa pengo la zamani.

"Mwaka juzi ulisema mbwamwitu kamla mwana wa Usomweupe," alisema. "Kumbe mbwamwitu ana kisu."

"Mama, ile ni baridi iliyomkata..."

"Baridi! Umemwiba mtoto, ukamrudisha ampande mama yake na dada zake, halafu unauliza kwa nini wanazaa panya?"

Gombosuren alitema mate karibu na buti la Dulmaa, akaivuta kamba ya beberu. Dulmaa aliikanyaga kamba.

"Ana alama yangu. Anabaki."

"Kundi lote linabaki," Tsend alisema. "Na huyu hapandi tena. Toa kisu, mwanangu. Kile kile. Umhasi mwenyewe, hapa, tukikutazama."