Alama Tisa za Vema

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, muuguzi wa chumba cha presha alirundika kadi zote za siku mezani na kutia alama ya vema kwenye mstari mmoja wa kila kadi: *Ameshauriwa kuacha sigara.* Vema, vema, vema. Foleni ilifika hadi getini, msimamizi alitaka kadi zilizojaa, na nani ana muda wa kumhubiria mtu mzima? Hakuwa mvivu, jamani. Alikuwa amezoea tu, na alichokizoea hakukiona tena kuwa ni uongo.

Kuliko wagonjwa wote, muuguzi alimpenda fundi cherehani mmoja. Kila baada ya miezi mitatu alikuja kupimwa, ananuka moshi tangu mlangoni, utani haumwishi mdomoni. Alimwita muuguzi shemeji, akadai presha inampanda kwa sababu ya uzuri wa anayempima. Kumtajia sigara kungeharibu mazungumzo. Ndivyo muuguzi alivyojidanganya.

Leo fundi aliingia kimya. Picha ya kifua ilikuwa imeonyesha uvimbe kwenye pafu, na daktari ameagiza aende hospitali kubwa. Mkewe alimsindikiza kuchukua barua. Muuguzi alipokuwa akiiandika, mama yule aliivuta kadi, akaisoma, akahesabu kwa kidole.

"Mara tisa," akamwambia mumewe. "Dada wa watu kakushauri mara tisa, na mimi ukaniambia hakuna aliyekukataza."

Fundi akamtupia muuguzi jicho mara moja tu, kisha akainamisha kichwa.

"Aliniambia, mama watoto. Mimi ndiye sisikii."

Mkewe akaanza kulia huku akimlaumu: amewasahau wanawe, amejiua kwa mkono wake mwenyewe. Muuguzi alijua kwamba akinyamaza, yatakwisha. Barua itapigwa muhuri, wataondoka, na kadi itamtetea hadi siku ya kustaafu. Lakini aliona aibu. Kumwachia mgonjwa lawama zisizo zake, tena mbele ya mkewe!

"Mama, ananisitiri tu," akasema. "Sikumwambia hata siku moja. Hizo alama nazitia asubuhi, kabla hajafika."

Mama akafuta macho kwa kiganja. Muuguzi alingoja matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili. Hayakuja.

"Si bado yupo hapa?" mama akauliza. "Mwambie basi."

Muuguzi akaweka kalamu chini, akasogeza kiti mpaka akawa uso kwa uso na fundi. Akafungua kinywa, na ndipo alipogundua kwamba kwa miaka yote ile ya kutia vema, hajui maneno yenyewe yanaanzaje.

"Niulize kwanza navuta ngapi kwa siku," fundi akamwambia taratibu.