Simu ya Duka la Rangi

Mtaani walimwita Bubu, na hilo lilikuwa jina la uonevu mtupu, kwa sababu hakuwa bubu. Alikuwa na kigugumizi. Neno likimfika mdomoni lilikwama, likasukumwa, likarudi nyuma, na hadi litoke, anayemsikiliza ameshatazama saa au ameshammalizia sentensi kwa maneno ambayo mwenyewe hakuyataka. Basi tangu ujana wake akaamua kunyamaza. Mtu mzima, mume wa mtu na baba wa watoto wawili, anaagiza nyama buchani kwa kunyoosha kidole.

Alifanya kazi katika duka la rangi la dada yake. Dada mtu alijaliwa mdomo wa watu wawili, na kazi waligawana hivyohivyo: yeye mbele kwenye kaunta akiongea na wateja, Bubu nyuma stoo akichanganya rangi, mikono imemtapakaa mpaka viwikoni. Wateja wengi hawakujua hata kama yupo.

Kisha zikaja hizi simu za kupangusa, na wateja wakaacha kuja. Wakawa wanapiga picha ukuta wao, wanaituma, wanauliza rangi gani itafaa na italetwa saa ngapi. Dada mtu alichukia kuandika. Vidole vyake vilikuwa vinene na subira yake nyembamba. Siku moja akaitupa simu ya duka mbele ya mdogo wake, akamwambia hangaika nao wewe.

Loo, kumbe mtu alikuwa na maneno yake muda wote huo! Kwa maandishi Bubu hakukwama hata mara moja. Aliwaelekeza wateja wapige picha mchana, karibu na dirisha, na karatasi nyeupe ibandikwe pembeni, maana taa ya njano humdanganya mtu akaona rangi isiyokuwapo. Aliwatania pia. Mteja mmoja alimwandikia kuwa mumewe anataka chumba cha kulala kipakwe rangi nyeusi tii. Bubu akamjibu, "Mwambie giza lipo bure kila usiku, asilinunue." Yule mama alicheka, akanunua rangi ya maziwa, akawaambia na wenzake. Oda zikaongezeka, kaunta ikawa ya Bubu, na nyumbani mkewe akaanza kumsikia akipiga mluzi bafuni. Alikuwa na furaha, tuseme ukweli, furaha ambayo hakuwahi kuijua kazini.

Ila wateja ni watu, na watu hawatosheki. Wakaanza kupiga simu. Bubu hakupokea hata moja. Aliiacha iite mpaka ichoke, kisha anaandika samahani, tulikuwa tunahudumia. Malalamiko yakamfikia dada mtu. Duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa linaonyesha bidhaa kwa video, mubashara, muuzaji anaongea kama cherehani. Dada mtu akapiga hesabu zake, akamtafuta binti mmoja mwenye ulimi mwepesi, akakubaliana naye aanze Jumatatu. Simu atashika yeye. Bubu atarudi stoo.

Dada alimweleza kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi. Bubu aliitikia kwa kichwa. Usiku hakula.

Ijumaa yake, dada akiwa ameenda benki, Bubu alikuwa kaunta akiandaa oda zake za mwisho mwisho. Miongoni mwa wateja wake alikuwapo mwanamke mmoja aliyemhifadhi kwenye simu kwa jina la Mama Ukuta, kwa sababu tangu wajuane hakuwahi kumtumia kitu kingine ila picha za ukuta. Binti yake alikuwa amejifungua, na kesho yake angeletwa na kichanga chake apumzike kwa mama. Mama Ukuta alitaka chumba cha mjukuu kiwe kijani cha majani machanga, rangi ya maji isiyo na harufu. Mtu wa pikipiki alikuwa ameshampelekea kopo lake asubuhi.

Sasa Bubu ananyanyua kopo la kijani lililobaki, akidhani ni la mteja mwingine aliyeagiza kijani cha kupaka geti, anatazama kifuniko. Ni la Mama Ukuta. Aliyepelekewa rangi ya geti, rangi ya mafuta yenye harufu ya kukata pumzi, ni yule bibi mwenye mjukuu wa siku nne.

Akaandika haraka: usipake, nimekosea kopo. Ujumbe haukusomwa. Akaandika tena, na tena. Haukusomwa, na ukisomwa jioni itakuwa mambo yameshaharibika. Akampigia dada ili yeye ndiye ampigie bibi. Huko benki simu imezimwa. Aliizunguka kaunta kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe akapiga moyo konde, akabonyeza namba ya Mama Ukuta.

"Haloo," bibi akaitika.

Sasa mtu mzima huwezi kumvamia tu bila salamu. Bubu akafungua kinywa atoe shikamoo, na shikamoo ikakwama palepale mwanzoni. Kilichotoka ni sauti ya upepo.

"Haloo? Mtandao huo, mwanangu, unakwaruza. Ngoja nikate." Akakata.

Bubu akapiga tena. Tena upepo, tena bibi akalaumu mtandao, akakata. Hapo ndipo alipoona mlango umefunguliwa apite: aache, aseme mtandao ulikuwa mbovu, nani atamshika? Duniani kote mtandao ndio unaolaumiwa. Angerudi stoo Jumatatu bila mtu yeyote kujua. Na kichanga angelala katika harufu ile.

Akapiga mara ya tatu, na salamu akairuka, kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele ya mtu mzima.

"Si m-m-mtandao," akasema. "Ni m-mimi. Nina ki-ki-kigugumizi. Usi-usikate."

Bubu alifumba macho akingoja mlio wa simu kukatwa.

"Kumbe ni wewe mwenyewe wa duka la rangi," bibi akasema. "Basi sema taratibu, mwanangu. Rangi naingoja ikauke kutwa nzima, maneno yako ndiyo yatanishinda?"

Wakati huo dada mtu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na mkoba wake kwapani. Alimkuta mdogo wake anahangaika na neno "fundi", na kwa mazoea ya miaka yote akafungua mdomo amtolee. Bubu akamwinulia kiganja bila kugeuka. Mdomo wa watu wawili ukafungwa.

Likatoka fundi, likatoka kopo, likatoka mafuta. Wakamsikia bibi akipiga kelele kwa ndani, shuka, shuka hapo juu wewe, usiguse ukuta wangu. Fundi alikuwa ameshachovya brashi. Bibi akarudi kwenye simu akihema, akacheka, akasema mjukuu wake ameponea chupuchupu. Bubu akaomba radhi kwa kosa lake, akaahidi kopo lake linafika sasa hivi, halafu akajikusanya upya, akaisukuma ile shikamoo mpaka ikatoka yote.

"Marahaba," bibi akajibu, kwa raha kabisa.

Simu ilipokatwa, dada mtu alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja. Akauliza tu kama ampigie yule binti amwambie asije.

Bubu alifikiri. Wateja walikuwa wengi, na video zile alikuwa hapendi hata kuzitazama.

"A-aje," akasema. "Video a-a-afanye yeye. Lakini si-simu..."

Akakwama. Nje pikipiki ikapita, ikaishia mbali. Dada mtu aliweka mikono mapajani, akangoja.

"...simu ni ya-yangu."

"Ni yako," dada akasema.